Daftari Tulilolikalia

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu Neema alirudi kutoka kazini akicheka. Ameajiriwa kwenye duka la dawa za mifugo, duka lenye leseni yake ukutani, na ndani kuna friji ya chanjo. Kwenye mlango wa friji wamebandika karatasi ya kuandika joto, asubuhi na jioni.

"Bibi," akaniambia, "leo nimejaza karatasi ya mwezi mzima kwa dakika kumi! Nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi tano, tena nne. Bosi kasema wakaguzi wanakuja Jumatatu ya wiki ile nyingine."

Nilikuwa nachambua mchicha. Nikauweka pembeni.

"Umeme ulikatika siku ngapi mwezi huu?"

"Aa, Bibi, nani anahesabu? Ulikatika katika tu."

"Na siku zilizokatika, friji ilisoma nyuzi nne?"

"Bibi nawe! Ni karatasi tu hiyo. Kila duka wanafanya."

Karatasi tu. Mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemsomesha kwa ndizi na maziwa, ana cheti chenye muhuri wa dhahabu, ananiambia karatasi tu. Ndipo nikachukua kalamu. Mimi nimeishia darasa la tatu, mengine niliyaokota kwenye elimu ya watu wazima, na naandika polepole kama kuku anayechakura. Lakini naandika mwenyewe. Neema nimempa kazi ya kunisahihishia herufi, na nimemkataza kugusa maneno. Nyie wengine mlioajiriwa kwenye biashara zenye leseni, sogeeni hapa. Na nyie mnaojaza kwa kidole kwenye simu, msidhani mmepona. Nataka niwaambie habari za daftari moja nililowahi kulikalia. Sijakosea kuandika. Nililikalia, kwa makalio haya haya.

Kazi yangu ilikuwa mbegu za maharage. Nikisema hivyo watu wanadhani nilikuwa napepeta kwenye ungo. Kupepeta hata mbuzi akifundishwa ataweza. Mimi nilikuwa naotesha. Kabla mbegu haijauzwa, lazima mtu aijaribu aone katika mia zinaota ngapi, halafu idadi hiyo inaandikwa kwenye daftari, na kutoka kwenye daftari inaandikwa kwenye lebo ya mfuko. Mkulima anasoma lebo. Hawezi kuingia ndani ya punje akaangalia kama kuna uhai. Anasoma lebo, anaamini, anafukia ardhini.

Aliyenifundisha ni Bi Tatu, mama wa mitaa ya zamani ya mjini, wazazi wake walitoka pwani, tukiwa pamoja kwenye shamba la mbegu la serikali. Alikuwa mfupi, mkali, kanga yake haijawahi kudondoka hata akiinama siku nzima. Unachukua mchanga wa mtoni, unauchekecha, unaukaanga kwenye debe mpaka uwe safi, unaumwaga kwenye trei ya mbao. Unahesabu mbegu mia, siyo za kuchagua nzuri nzuri kama unaposa mke, zinavyokuja mkononi. Mia nyingine trei ya pili, ya tatu, ya nne. Unazifukia, unanyunyiza maji, unazitia kwenye kabati la joto. Hilo ni kabati la mbao lenye balbu ndani ili mbegu zisione baridi. Siku ya tano unahesabu mara ya kwanza, siku ya tisa unahesabu ya mwisho.

Mwaka wangu wa kwanza nilijiona hodari. Nikahesabu trei nzima, nikaandika tisini na sita, nikampelekea. Bi Tatu akainama juu ya trei, akachomoa mche mmoja kwa vidole viwili kama anatoa chawa.

"Huyu umemhesabu?"

"Ndiyo, Bi Tatu. Ameota."

"Ana kichwa?"

Nikaangalia. Shina lilikuwepo, kijani kizuri, lakini juu pamekatika, hakuna pa kutokea jani. Sisi tunamwita kipara. Anasimama wiki moja, halafu anakufa amesimama.

"Hana kichwa, lakini ni kijani."

"Hata nyoka ni kijani. Utamla?"

Wenzangu walicheka mpaka nikataka kuingia kwenye debe la mchanga. Vipara vilikuwa kumi na moja. Nikachukua kifutio nifute ile tisini na sita, Bi Tatu akanipiga kofi mkononi. "Usifute! Piga mstari mmoja, andika ya kweli pembeni, weka sahihi yako. Anayekuja nyuma yako aone ulikosea wapi." Nikaandika themanini na tano, nikaweka herufi zangu mbili, E na M. Ndiyo sahihi yangu mpaka leo. Pia alinifundisha kuweka kiganja cha akiba: kila mbegu inayoingia, unachota kiganja kimoja, unakifunga kwenye kitambaa, unaandika namba yake. Likitokea la kutokea, ushahidi unao.

Halafu zikaja zile enzi za ruksa, biashara huria kwa kila mtu. Nyie mmezikuta zimeshazoeleka. Sisi tulizipokea mlangoni. Viwanda vikafunga, shamba letu likapunguza watu, Bi Tatu akarudi nyumbani na mimi nikarudi nyumbani. Mume wangu Lomayani naye akapunguzwa kiwandani wiki hiyo hiyo, tukabaki kutazamana. Mitumba ikajaa barabarani, na kila mwenye suruali iliyopigwa pasi akawa na kampuni. Jana anauza betri za redio, leo ni mkurugenzi.

Mmoja wao aliitwa Gervas. Bosi Gervas alikuwa na leseni tatu kwenye fremu za kioo, amezipanga ukutani kama picha za harusi. Ya mbegu ilikuwa katikati. Alikuwa anaifuta vumbi mwenyewe kwa leso yake, na mgeni akija lazima asimamishwe mbele yake. Alitufuata sisi wanawake wa shamba la zamani akatuajiri kumi na wawili. Nikamshukuru Mungu, sitadanganya. Sifaeli, mwanangu wa kwanza, alikuwa anasoma bweni.

Kabati la joto Bosi Gervas alilinunua, maana bila kabati leseni haipatikani. Mwezi wetu wa kwanza lilifanya kazi. Mwezi wa pili balbu mbili zikaungua, zile zilizobaki akazihamishia ofisini kwake. Mwezi wa tatu nilifungua kabati nikakuta vikombe vya chai, sukari, na koti lake la mvua. Nikamwambia, "Bosi, mbegu tutaotesha wapi?" Akaniambia, "Mama Sifaeli, mbegu hizi nimezinunua kwa watu ninaowaamini. Zitaota tu." Hapo kupima kukaisha. Trei zikawa za kukaushia viatu.

Halafu akaletwa Edgar, meneja wa kumbukumbu. Alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, alikuja Arusha mwezi wa kumi na mbili, jua kali, akatembea na shati la mikono mifupi akisema watu wa huku wanalalamika baridi bure. Tai yake ilikuwa na picha ya simba. Hakujua punje ya maharage ina tumbo upande gani, lakini alikuwa na mwandiko mzuri jamani! Huyo angeweza kuandika kadi za ubatizo.

Sasa sikilizeni lililo baya, na langu limo ndani yake.

Mbegu zilizovunwa shamba moja msimu mmoja tunaziita loti. Kulikuwa na loti moja ya maharage, namba saba, iliyokaa godauni miaka miwili chini ya bati linalovuja. Ilikuwa imeshatiwa dawa ile nyekundu ya kuzuia wadudu. Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya Bosi Gervas akaifungasha kwenye mifuko mipya, lebo zikachapwa: uotaji tisini na mbili katika mia. Wifi yangu Naserian, dada yake Lomayani, akaja mjini kutoka Oldonyo Sambu kutafuta mbegu za masika. Kule ng'ambo ya mlima mvua ni ya kubahatisha. Ukikosea kupanda mara moja, hakuna mara ya pili. Alikuwa ameuza mbuzi wawili, na alitumwa na majirani zake watano wawanunulie pia.

Alinikuta nyumbani Kimandolu, ameshanunua mifuko ya loti saba dukani. Akaupiga ule mfuko kofi kama anapiga ng'ombe mgongoni.

"Wifi, hizi ni za kwenu. Umezihesabu mwenyewe?"

Ningesema nini? Ningesema kabati letu lina vikombe? Mimi niliyekuwa nikijisifu kwa mashemeji wote kwamba mbegu haitoki mjini bila mkono wangu? Nikanyoosha shingo. "Zimepita mkononi mwangu, wifi. Panda."

Zilipita mkononi mwangu, ndiyo. Niliishona midomo ya mifuko.

Mwezi wa pili ukiwa unaelekea mwisho, habari zikaja kwamba leseni inakaribia kwisha na mkaguzi atakuja kabla ya kuifanya upya. Atataka daftari la uotaji kuanzia mwezi wa sita. Daftari letu lilikuwa na kurasa nne zilizoandikwa. Edgar akanunua jipya, jeusi, mgongo mwekundu, akakaa nalo mezani baada ya chakula cha mchana, na kabla ya saa ya kutoka alikuwa ameotesha miezi minane. Kwa kalamu moja! Loti zote, trei zote, hesabu ya kwanza, hesabu ya mwisho. Hata Mungu kuumba dunia alisimama kila siku akaangalia.

Akaniita. "Mama Sifaeli, weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Wewe si ndiye mwoteshaji?"

"Sikuotesha hizi, Bwana Edgar."

"Mama yangu, ni utaratibu tu. Au unataka wenzako kumi na moja wakose kazi kwa ajili ya herufi mbili?"

Nikawatazama wenzangu. Wote wakaangalia chini, wakachambua kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Nikaweka E na M. Nikaweka tena. Mkono ulipochoka nikaendelea.

Halafu Bosi Gervas akaja akaliangalia, akakunja uso. "Linang'aa sana. Mkaguzi atajua ni jipya." Na Edgar, yule msomi, akapata wazo. Akalipaka vumbi la sakafuni kwenye kingo. Akadondosha chai ukurasa wa tatu. Halafu akasema likilaliwa na kukandamizwa litaonekana limetumika. Mnajua alichofanya? Aliliweka juu ya gunia, akatuambia tulikalie kwa zamu.

"Anza wewe Mama Sifaeli, wewe ndiye mzito."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikajikunja na gauni langu la kazi nikakaa juu ya daftari la uotaji, nikachambua maharage saa nzima nimelikalia kama kuku wa kuatamia mayai viza. Vijana, mkitaka kujua aibu ina sura gani, ndiyo hiyo. Wala hakuna aliyenishikia panga. Nilikaa, nikacheka.

Nilipofika nyumbani nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilikuwa bado na tabia ya Bi Tatu, ile ya kiganja cha akiba, na cha loti saba nilikuwa nacho kwenye kitambaa chini ya kitanda. Nikachukua sufuria pana, nikakaanga mchanga, nikahesabu mbegu mia, nikazifukia, nikaweka jikoni karibu na mafiga zipate joto. Lomayani akauliza, "Leo tunapikiwa mchanga?" Nikamwambia aache.

Siku ya tano zilitoka kumi na tisa. Siku ya tisa zilizosimama na vichwa vyao zilikuwa thelathini na nne. Nyingine nilizifukua zimeoza, zinanuka. Thelathini na nne, na lebo inasema tisini na mbili, na wifi yangu yuko Oldonyo Sambu anaangalia mawingu.

Kesho yake mkaguzi akaja.

Alikuwa mwanamume mwembamba, koti lake limechakaa kwenye viwiko, begi la ngozi begani. Bosi Gervas akampokea kama mkwe. Soda, biskuti, kiti chenye mto. Akamsimamisha mbele ya leseni. Mkaguzi akaomba daftari. Edgar akalileta kwa mikono miwili. Lilikuwa limechakaa vizuri kabisa, nikaona alama ya makalio ya mwenzetu Mama Juma na alama ya yangu.

Akafunua taratibu. Akasoma mwezi wa sita. Akasoma wa saba. Akarudi wa sita.

"Bwana Edgar, wewe ulikuwepo mwezi wa saba?"

"Nilikuja mwezi wa kumi na mbili, mheshimiwa. Lakini kumbukumbu nimezikuta safi."

"Mimi nimekulia Olmotonyi," akasema mkaguzi, kama anayepiga soga. "Mwezi wa saba mama yangu alikuwa analaza vifaranga ndani ya kapu pembeni ya moto. Sasa hapa naona tarehe nane mwezi wa saba mmefukia maharage, siku ya tano yameota tisini na moja. Mwezi wa kwanza, kwenye jua lile, siku ya tano yameota tisini na moja. Maharage ya hapa hayajui baridi?"

Edgar akatabasamu. Maskini, hajawahi kuona mwezi wa saba wa Arusha, wakati mlima unaondoka wiki nzima kwenye ukungu na maharage yanakaa mchangani siku kumi yakijifikiria. Mwandiko wote ule mzuri, na hakujua kuna baridi! Kama angemuuliza mwanamke yeyote mle ndani jinsi ya kudanganya, angedanganya vizuri zaidi.

"Tuna kabati la joto," Bosi Gervas akaingilia haraka. "Lipo kwenye masharti."

"Nilione."

Likafunguliwa. Vikombe. Sukari. Koti la mvua. Na viatu vya Bosi vya kanisani, ambavyo hata mimi sikujua vimo.

"Tumeviweka leo asubuhi tu," akasema Bosi Gervas. "Tulikuwa tunafanya usafi."

Mkaguzi hakubisha. Akatembea mpaka ukutani, akaitungua ile fremu ya leseni, akaigeuza, akafungua vibati vya nyuma kwa kisu kidogo. Leseni ina upande wa pili. Muda wote ule tulikuwa tunaangalia muhuri, na masharti yalikuwa yamegeukia ukuta yanasomwa na buibui. Akampa Edgar. "Una sauti nzuri. Tusomee."

Edgar akasoma. Sauti ilianza kubwa, ikawa inapungua. Kwamba ni kosa kwa mwenye leseni, au mtu yeyote anayefanya kazi chini yake, kuandika kwenye daftari jambo asilolifanya au analojua si kweli. Kwamba ni kosa kufuta, kubadili, kuficha au kutengeneza kumbukumbu ili kumdanganya mkaguzi. Kwamba ni kosa kuuza mbegu yenye lebo isiyotokana na kipimo. Faini, au kifungo, au vyote viwili, na leseni kufutwa.

Mimi na darasa langu la tatu nilishika neno moja. Mtu yeyote anayefanya kazi chini yake. Huyo ni nani kama si mimi?

"Loti namba saba iko wapi?" mkaguzi akauliza.

"Ipo godauni," akajibu Bosi Gervas. "Yote. Haijatoka hata mfuko. Kama daftari lina kasoro ndogo tutalirekebisha kabla ya kuuza. Hakuna mkulima aliyeumia."

Na mkaguzi akaanza kuandika hivyo! Nikaona kalamu yake inatembea. Haijauzwa. Akiandika hivyo, hakuna atakayepanda gari kwenda ng'ambo ya mlima, na mvua ilikuwa imeshaanza kunuka.

"E.M. ni nani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ni mimi."

"Ulihesabu wewe?"

Mama Juma alinikanyaga mguu. Bosi Gervas akanitazama, akaigusa leso yake mfukoni. Nikamwona Sifaeli na sanduku lake la bweni. Nikamwona Lomayani ameketi nje kwenye jiwe.

"Sikuhesabu," nikasema. "Niliweka herufi tu. Halafu nikalikalia."

"Ukalifanyaje?"

"Nikalikalia, mheshimiwa. Liwe kuukuu. Tulikaa kwa zamu. Na loti saba siyo godauni, imeshatoka, iko madukani mpaka Oldonyo Sambu. Nimeiotesha kwenye sufuria yangu, ni thelathini na nne. Na sufuria ninayo."

Bosi Gervas, mtu mzima mwenye leseni tatu, akaninyooshea kidole. "Huyu mama hajasoma! Hata darasa la nne hakufika! Anajua nini kuhusu asilimia?"

"Najua mia, Bosi," nikamwambia. "Na najua kipara."

Mkaguzi akapiga mstari mmoja juu ya alichokuwa ameandika, akaandika pembeni, akaweka sahihi. Nilipoona ule mstari mmoja, machozi yalinitoka. Lakini hakunipa mkono wa pongezi, msidhani. Akanikazia macho. "Mama, umejisema mwenyewe, na nitaandika kwamba umejisema. Lakini sahihi ni yako. Aliyeamuru ana kosa, aliyetunga ana kosa, na aliyeweka sahihi ana kosa."

Nilipewa onyo la maandishi na nikaitwa kutoa ushahidi. Bosi Gervas alipigwa faini, leseni ikafutwa, mbegu zikakusanywa madukani. Edgar alirudi kwao kabla hajaona mwezi wa saba. Na sisi kumi na wawili tukakosa kazi, ndiyo. Mama Juma alinipita sokoni mwaka mzima bila kunisalimia, siku aliponisalimia alisema, "Habari yako, mfunga godauni." Nilimwitikia. Alikuwa na haki ya kukasirika, ila alikosea wa kumkasirikia. Bosi Gervas mwenyewe, baada ya muda, nikasikia anauza mabati. Na leseni kwenye fremu! Watu wa aina hiyo hawazami, wanabadilisha bidhaa tu.

Lakini sijawaambia lililokuwa gumu. Mbele ya mkaguzi ilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa Oldonyo Sambu.

Nilikwenda kesho yake asubuhi na sufuria yangu kichwani. Nikawakuta Naserian na majirani zake watano wameshalima, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Mifuko ilikuwa imefunguliwa tayari. Wakanisalimia kwa heshima kwa Kimaasai, "Takwenya," nikaitika, "Iko."

"Msipande," nikasema. "Zimekufa."

Naserian akanigeukia. "Wifi, si ulisema zimepita mkononi mwako?"

"Nilisema."

"Ulidanganya?"

"Nilidanganya."

"Basi nitazipika," akasema jirani mmoja, mama mzee. "Hasara si yote."

"Haziliki," nikasema. "Ile rangi nyekundu ni dawa. Zitawaua watoto."

Naserian akachota punje, akaziachia zikadondoka moja moja. "Kwa hiyo nimeuza mbuzi wawili nikanunua maharage yasiyoota wala yasiyoliwa. Hata kokoto zina kazi, wifi. Kokoto tungejengea."

Nikatua sufuria, nikawaonyesha ile miche. Mmoja akasema labda mchanga wa mjini ni mbaya. Mwingine akasema labda nimetumwa na kampuni nyingine. Walikuwa na haki, neno langu lilikuwa halina thamani ya punje moja. Ndipo Naserian akaingia ndani, akatoka na karai la mchanga.

"Hesabu hapa," akasema. "Mbele yetu. Sauti ya juu."

Nikahesabu mia. Wakahesabu nami, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, mama mzee akinirudisha kila nilipokwenda haraka. Nikalala kwa wifi siku tisa. Mvua iliponyesha siku ya nne hakuna aliyepanda, tulikaa mlangoni tunaitazama inavyoingia ardhini bure. Siku ya tisa wote wakaja. Nikachomoa mche mmoja mmoja, nikawaonyesha kichwa, nikawaonyesha vipara. Thelathini na sita.

Mama mzee akaenda kwake akaleta maharage yake ya kula, ya mavuno yaliyopita, madogo madogo ya rangi ya mchanganyiko. Tukayachambua pamoja, wakapanda hayo, wamechelewa. Walivuna kidogo. Walivuna. Mbuzi wa Naserian nilimlipa wa kwanza mwaka ule na wa pili baada ya miaka mitatu, nilipopata kazi kwa watu wengine na nikawaambia mapema kwamba E na M haitoki mkononi mwangu bila trei mbele yangu.

Jana, Neema alipomaliza kusahihisha ukurasa huu, aliuliza kama ile hesabu ya wifi iliandikwa popote. Nikamwambia twende. Leo tumekwenda. Naserian ni mzee sasa, haoni vizuri, lakini alitupeleka mwenyewe mpaka kwenye mlango wa stoo, akapapasa ubao kwa vidole mpaka akapapata. Siku ile ya tisa alichukua kisu akachonga pale, 36, akaniambia, "Weka sahihi yako, wifi. Ukidanganya tena nitakuwa na mlango wa kukuonyesha." Nikachonga E, nikachonga M.

Neema aliweka kidole ndani ya zile herufi, moja baada ya nyingine. Tulipokuwa tunarudi, kabla hatujafika njia panda, akampigia bosi wake simu na kumwambia ile karatasi ya friji ataipiga mstari, aandike pembeni kwamba hakupima na kwamba umeme ulikuwa unakatika.

Bosi amemwambia Jumatatu asije.

Nimemwambia aende, na asimame mlangoni mpaka mkaguzi afike. Nami nitakuwepo. Nitabeba kigoda changu.